Mlinzi Hajilindi

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi mawingu mazito, rasharasha, upepo hakuna.

Muhula umefunguliwa. Wifi yangu alihamia kwetu jana jioni na mabegi mawili, moja la nguo na moja la karatasi. Nilijitolea kubeba la karatasi nikidhani ndilo jepesi. Bega linaniuma mpaka sasa.

Kaka yangu yuko kazini mbali, harudi kabla ya mwisho wa mwaka. Alinipigia simu akanibembeleza: "Dada, mkae naye muhula huu tu. Kwako ni karibu na chuo. Akimaliza, amemaliza." Asichokisema nakijua, maana barua ya chuo niliipiga chapa mimi. Muda wa wifi wa kusomea udaktari umeshaongezwa mara mbili na hautaongezwa tena. Asipopita muhula huu, jina linafutwa na miaka yake yote ya kusota inakwenda na maji.

Mwaka wa kumi na moja huu niko katibu wa idara ya hisabati, na bado sijaelewa mtu analipwaje kwa kutazama ukuta. Sasa nimepewa mtazama ukuta wa nyumbani.

Jumatano, 6 Machi. Mvua usiku kucha.

Wifi ameunguza sufuria. Ndani yake kulikuwa na maji matupu. Sijui mtu anaunguzaje maji, lakini yeye ameweza.

Jumamosi, 9 Machi. Jua kidogo, kisha mvua ya ghafla, nguo zote zimelowa tena.

Nguo zililowa kwa sababu wifi alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye kamba, anachora. Nilizianua peke yangu huku natweta. Nikamwambia: "Wifi, mbingu zinaanguka, wewe unachora nukta?"

"Samahani wifi yangu. Nilisikia mvua, ila nilidhani iko ndani ya tatizo."

Hasira ilinipanda. Nikamwambia leo atanieleza, mbele ya mama, ni kazi gani hiyo inayomfanya mwanamke mzima kuchora nukta na mistari kama mtoto wa chekechea. Hakukasirika. Alichukua vikombe vyote vya kabati akavipanga mezani, kimoja katikati na vingine vikakizunguka, kisha akavuta nyuzi kutoka kile cha katikati hadi kila cha pembeni.

"Hii ndiyo grafu," akasema. "Vikombe ni nukta, nyuzi ni mistari. Nukta mbili zenye uzi kati yao ni majirani. Sasa weka walinzi. Mlinzi anamlinda jirani yake tu. Unataka kila nukta ilindwe, na walinzi wawe wachache iwezekanavyo. Utaweka wangapi?"

Niliweka kijiko kimoja kwenye kikombe cha katikati. "Mmoja. Anawaona wote."

"Na yeye mwenyewe analindwa na nani?"

"Analindwa na Mungu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Katika hesabu hii Mungu hatumweki kwenye mahesabu ya walinzi, wifi. Mlinzi naye ni nukta, naye anahitaji jirani wa kumlinda. Kwa hiyo ni wawili, wa katikati na mmoja wa pembeni, kila mmoja akimtazama mwenzake."

Mama, ambaye husikia anachotaka, aliuliza: "Na hao walinzi wakisinzia?"

"Mama, hilo litakuwa tatizo la mwanafunzi atakayekuja baada yangu."

Meza ndogo yenye vikombe sita mtu anaweza kuimaliza kwa vidole. Yeye anashughulika na mitandao mikubwa ya namna fulani, ambayo hata kompyuta ikijaribu kila mpangilio, jua litazimika kabla haijamaliza. Hapo ndipo unapohitaji kutazama ukuta. Nakiri nilielewa. Lakini nguo bado zimelowa.

Jumanne, 12 Machi. Mawingu, joto la kunata.

Dari la ofisi limeanza kuvuja juu ya meza yangu. Nimeweka ndoo.

Msimamizi wa wifi ni yule profesa tunayemwita Mzee wa Miti. Miti ni grafu zisizo na mzunguko, ndizo zilizompa jina ujanani. Mwaka juzi mtu alikuja kumwomba miche ya kivuli. Mzee akamkalisha, akamweleza kwa saa nzima kuhusu miti isiyo na majani, na yule mtu akaondoka ameshukuru. Ndivyo alivyo. Tangu nilipoanza kazi hajawahi kunipandishia sauti, na kila asubuhi nampa shikamoo kwa moyo, si kwa desturi.

Wakufunzi wote wa idara walipita mikononi mwake. Somo lake la kwanza nimelisikia kila mwaka kupitia ukuta wetu mwembamba. Anaanza, "Kinyozi hajinyoi!" na darasa zima linajibu, "Mlinzi hajilindi!" Hata mfagiaji wa korido anaitikia.

Jumatatu, 18 Machi. Mvua kubwa.

Leo tasnifu ya wifi imechapwa na kupelekwa kwa watahini. Jina lake: *Kwa Nini Kisio la Miti Halisimami*.

Nimelazimika kuuliza. Kisio ni jambo ambalo mwanahisabati anaamini ni kweli ila hajalithibitisha. Mzee alilikisia akiwa kijana, na likabeba jina lake: kwamba kwa mitandao ile mikubwa, kuna idadi fulani ya walinzi ambayo ndiyo ndogo kabisa, ukipunguza mmoja haitoshi, ukiongeza mmoja ni ziada. Watu wamelizunguka kisio hilo miaka na mikaka. Wifi amethibitisha kwamba mitandao ikishafikia ukubwa fulani, idadi ya Mzee haitoshi. Daima kuna nukta moja inabaki bila wa kuilinda.

"Mzee amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesoma uthibitisho mara tatu. Hakuonyesha kosa. Amesema, 'Tuone mtahini wa nje atasemaje.'"

"Hakufurahi?"

"Ningekuwa yeye, nisingecheza ngoma. Ila atafurahi. Ni mwanahisabati."

Alhamisi, 28 Machi. Mvua.

Hakuna jipya. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatano, 3 Aprili. Mvua.

Wifi amepika. Kinalika.

Jumatatu, 15 Aprili. Asubuhi ukungu, mchana mvua.

Ripoti ya mtahini wa nje imefika. Ukurasa mmoja na mchoro. Anasema kazi ni nzuri lakini hitimisho si sahihi. Amechora mtandao mmoja kati ya ile ya wifi, akaweka walinzi kwa idadi ileile ya kisio la Mzee, na kila nukta, asema, imelindwa. Anapendekeza tasnifu isipitishwe.

Nilimpa wifi karatasi ile koridoni. Aliisoma amesimama. Halafu, ajabu, akacheka.

"Tazama huyu wa kwenye kona," akaniambia, akiweka kidole juu ya nukta moja. "Ni mlinzi, yuko peke yake, hana jirani yeyote mlinzi. Nani anamlinda?"

Nikatazama. Kweli hakuna.

"Mtahini ametoka shule nyingine, kwao mlinzi hujilinda mwenyewe. Si kosa lake. Ni mimi sikuandika kwamba kwetu hajilindi. Nani aandike jambo ambalo hata korido inaliimba? Mzee atamwandikia mstari mmoja, yataisha."

Alienda zake akipiga mluzi. Nami nikamwaga ndoo nikiwa na furaha.

Jumanne, 16 Aprili. Mvua.

Mzee amesema: "Nitalitazama."

Ijumaa, 19 Aprili. Mvua.

Mzee amesema: "Nitalitazama."

Jumatatu, 22 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri.

Leo niliwasikia kupitia ukuta. Sikutega sikio. Ukuta wenyewe ni mbao na rangi.

Wifi alisema: "Mwalimu, ni sentensi moja tu. Mwandikie kwamba tafsiri yetu ni hiyo. Tafsiri ni yako, mimi nimeikuta."

Kiti kikalia. Kisha Mzee: "Mtahini ni mtu mzito. Si vizuri msimamizi kumwingilia."

"Si kumwingilia, Mwalimu. Ni kumwambia neno lina maana gani."

"Maneno, mwanangu, hubadilika. Labda huko nyuma tulikuwa wakali mno. Labda mlinzi anaweza kuhesabiwa amejilinda."

"Tangu lini?"

Karatasi zikakunjwa. Nilisikia wifi akisema, "Asante, Mwalimu," kwa sauti niliyowahi kuisikia msibani tu. Alipita mbele ya meza yangu bila kuniona.

Nilikaa na hasira ikinipanda taratibu kama maji kwenye ile ndoo. Huyu ni mtu aliyesoma uthibitisho mara tatu. Anajua ni wa kweli. Anajua mchoro wa mtahini una shimo, maana shimo lenyewe alilifundisha yeye, kwa wimbo. Na ananyamaza, kwa sababu mtahini akiachwa akosee, kisio la Mzee linaendelea kuishi. Auawe mtoto wa watu ili jina lipone!

Jumanne, 23 Aprili. Mvua.

Leo sikumpa shikamoo. Alipita, akasimama nusu hatua kama mtu aliyesahau kitu, akaingia ofisini kwake.

Jumatano, 24 Aprili. Mvua, radi.

Nilikwenda chumba cha chai. Walikuwemo wakufunzi watatu, wote wamelelewa na Mzee. Nikasema wazi: "Nyinyi mnajua mlinzi hajilindi. Nani atasema?"

Mmoja akachunguza kikombe chake. Wa pili akakumbuka ana kipindi. Ratiba niliipanga mimi, hana kipindi. Wa tatu ni kijana tunayemwita Kifutio, kwa sababu hufuta ubao kwa mkono wa shati. Akanong'ona:

"Dada, mkataba wangu unaisha Juni. Anayepeleka jina langu mbele ni Mzee."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nina mke na mtoto, Dada. Usinitazame hivyo."

"Nakutazama kama kawaida. Ni wewe unayejiona."

Nilitoka bila chai. Watu wamesoma mpaka wamezidisha, halafu neno moja la kweli linawashinda kulitoa. Mimi niliishia sekondari. Sijui kuthibitisha kitu. Lakini najua mtu anapoangalia viatu vyake anatafuta nini: anatafuta pa kujificha.

Jumatatu, 29 Aprili. Mvua. Barabara ya nyuma imekatika.

Nimegombana na wifi. Hajala siku tatu sasa, anakunywa maji ya moto na kulala akiutazama ukuta. Safari hii hakuna hesabu ukutani. Nikamwambia, kwa ukali, kwamba kosa ni lake pia: sentensi moja tu, kwa nini hakuiandika?

Alikaa kitandani. "Wewe unaandika shajara. Uliandika humo kwamba wewe ni mwanamke?"

"Ya nini niandike? Si najua."

"Basi."

Ana jibu kila mara, na ndilo linaloniudhi zaidi kwa wifi huyu. Akaendelea taratibu: "Wifi, wanaoniuma si wale wasiojua. Mtahini hajui, akielezwa atajua. Ananiuma yule anayejua. Nilikuwa nadhani kwenye kazi hii, ukishathibitisha, umri hausemi, cheo hakisemi. Ndiyo maana niliipenda. Nilitoka nyumbani kwa baba ambako mkubwa hakosei, nikakuta mahali ambapo kila mtu anaweza kukosea mbele ya ubao. Sasa nimeambiwa hapana, hata huku mkubwa hakosei."

Mama aliingia na sahani. "Mkwe wangu, hao walinzi wako wamekula?"

"Bado, Mama."

"Basi kula wewe kwanza, ukalinde wengine."

Akala kidogo. Nilikaa mlangoni nikimtazama. Karibu miezi miwili nimemwona mvivu. Huyu mtu anafanya kazi hata akiwa amelala, na ndiyo kazi iliyomchosha hivi. Nimemkosea, na nimeandika hapa ili nisijifanye sijui.

Alhamisi, 2 Mei. Mvua imepungua.

Mkuu wa idara ameamua utetezi wa tasnifu ufanyike Jumatatu, na mtahini wa nje atakuja mwenyewe. Mkuu ni mama mkavu asiyependa maneno mengi. Nilimuuliza kama ameusoma mchoro. Akasema: "Nimeusoma, Katibu. Sitaki kusikia kwenye korido. Nataka kusikia kwenye chumba." Sijui niweke moyo wapi.

Jumatatu, 6 Mei. Asubuhi mbingu nyeupe, hakuna mvua, mara ya kwanza tangu sijui lini.

Nimeketi niandike yote kwa mpangilio, maana kichwa bado kinavuma.

Chumba cha mikutano kilijaa. Mkuu kwenye kichwa cha meza. Mtahini wa nje upande wa dirisha, mwembamba, ana mafua, kila mara anaomba radhi kwa kupiga chafya. Nilikuja na hasira naye, ikaniisha; ni mtu mpole. Mzee alikaa karibu na mlango. Wakufunzi wote walipanga mstari ukutani kama watoto waliochelewa. Mimi pembeni, kuandika kumbukumbu za kikao.

Wifi alieleza kazi yake bila karatasi. Alivaa gauni la kijani alilofungia ndoa. Alisema ndilo pekee lililopigwa pasi.

Alipomaliza, mtahini alibandika ubaoni karatasi ya mchoro wake, walinzi wamechorwa kwa penseli. "Binti, kazi yako inapendeza. Lakini hapa nina walinzi kwa idadi ya kisio, na sioni nukta iliyoachwa."

"Huyu wa kona, Mwalimu. Analindwa na nani?"

"Yupo mwenyewe. Anajilinda."

"Kwetu hajilindi."

Mtahini akapangusa pua. "Kwenye tasnifu sikuliona hilo."

"Halimo. Ni kosa langu, nilidhani linajulikana."

"Basi swali ni jepesi," mtahini akasema, na kwa adabu kabisa akamgeukia Mzee. "Profesa, tafsiri hii ni yako. Katika kisio lako, mlinzi anajilinda au hajilindi?"

Kila mtu ndani ya chumba kile alijua jibu. Wote walilipigia kelele siku yao ya kwanza. Nilimtazama Kifutio. Alikuwa anatazama viatu.

Mzee alivua miwani. "Inategemea msomaji," akasema.

Mkuu akasema, "Sisi ndio wasomaji. Tunakungoja."

Akaipangusa miwani, upande huu, upande ule. "Tuseme," akasema polepole, "tuseme anajilinda."

Kalamu ilinisimama mkononi. Miaka kumi na moja! Nilitaka kuinuka nikaseme mbele yao wote kwamba mzee mzima ameongopa mchana kweupe, na kama wanataka kunifukuza wanifukuze. Nilikuwa nimeshasukuma kiti. Wifi alinitupia jicho, mara moja tu, kama mtu anayemwambia mwenzake: acha, huu mzigo naujua.

"Sawa," akasema. "Mlinzi anajilinda. Tuendelee na hilo."

Akauendea mchoro wa mtahini. "Kama kila mlinzi anajilinda, basi huyu hapa hana kazi. Yule wa juu analinda jirani zake wote." Akafuta mlinzi mmoja. "Na huyu." Akafuta wa pili. Akamsogeza mmoja nukta moja kushoto, akamfuta wa tatu. "Sasa tazameni. Kuna nukta iliyoachwa?"

Mtahini alisimama, akausogelea ubao, akapitisha kidole nukta kwa nukta. Hakuna iliyoachwa.

"Mwalimu," wifi akamwambia Mzee, na sauti yake haikuwa na kisasi, ilikuwa ya mwanafunzi anayeuliza, "kisio lako linasema idadi ile ndiyo ndogo kabisa. Kama mlinzi hajilindi, haitoshi, na hilo nimelithibitisha. Kama anajilinda, imezidi, na hilo liko ubaoni. Kisio halisimami kwa mguu huu wala kwa ule. Nikuulize tena, uchague wewe: anajilinda au hajilindi?"

Mtahini ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri. Akaubandua mchoro wake, akaukunja, akautia mfukoni. "Mimi nimejibiwa," akasema.

Mzee alirudisha miwani. "Hajilindi," akasema.

Nikaandika neno hilo kwenye kumbukumbu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Amepita. Masharti mawili: aongeze ile sentensi, na jina la tasnifu likubaliwe na msimamizi, naye asaini kabla ya muhula kufungwa Ijumaa. Bila saini ya msimamizi, hakuna udaktari. Mkuu alilisoma sharti hilo la pili kama mtu anayemeza kidonge bila maji; ndiyo kanuni.

Wakufunzi walikuja mmoja mmoja kumpa wifi mkono. Sasa wote wana mikono! Kifutio alipofika, wifi alimpa mkono. Mimi nilijifanya natafuta kalamu.

Jumanne, 7 Mei. Jua.

Mzee anataka jina libadilishwe liwe *Maendeleo Mapya Kuhusu Kisio la Miti*. Kwamba "halisimami" ni neno lisilo na adabu.

Wifi amesema: "Lingesimama ningeandika linasimama."

Jumatano, 8 Mei. Jua, mawingu mchana.

Fomu iko mezani kwake. Nimeingia asubuhi: "Kesho." Nimeingia jioni: "Kesho."

Nilimshawishi wifi akubali jina lile. Nilisema hivi kwa hofu tu, niliogopa Ijumaa. Aliniambia, "Uthibitisho haujali unaitwaje, wifi. Lakini mtu akisoma 'maendeleo' atadhani kisio linaendelea, apoteze ujana wake akilitafuta. Nimwachie mtoto wa mwenzangu shimo barabarani ili Mzee asione haya?"

Alhamisi, 9 Mei. Jua.

Kesho, kasema.

Ijumaa, 10 Mei. Asubuhi safi, hakuna wingu hata moja.

Nilimwambia wifi angoje kwenye benchi la koridoni. Nikaingia kwa Mzee, sikubisha hodi, nikasimama mbele ya meza yake.

"Kesho ni Jumamosi, Mwalimu. Kesho imekwisha."

"Katibu, kaa."

"Nitasimama."

Alikuwa ameiweka fomu mbele yake, imenyooka. Hakuigusa. Akasema, akitazama dirisha: "Nililikisia kisio hili usiku mke wangu alipokuwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa nje ya wodi, sina la kufanya, nikachora. Mtoto amekua, ameondoka. Mke wangu nimemzika. Hili ndilo lililobaki ndani ya nyumba."

Nitakuwa mwongo nikisema sikumhurumia. Nilimhurumia, na huruma haikuipunguza hasira hata kidogo. Zilikaa pamoja kifuani kama wake wenza.

"Pole, Mwalimu," nikamwambia. "Lakini kilichokufa hakikai ndani. Kinazikwa, watu wanarudi kazini. Wewe umekilaza kwenye kitanda cha mtoto aliye hai na unamwambia yeye ndiye alale chini."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, nilimwona usoni. Nilidhani atanifukuza. Alichukua kalamu, akaijaribu pembeni, ikagoma. Nikampa yangu. Akasaini, chini ya lile jina lenye "halisimami", herufi ndogo ndogo.

"Mwambie," akasema, akinirudishia kalamu, "ni kazi nzuri. Ni uthibitisho mzuri kuliko wowote uliowahi kutoka katika idara hii."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje kwenye benchi."

Aliutazama mlango wa korido. Akasimama, akavaa koti, akachukua mkoba. Nikaondoka mbele yake ili apite. Ofisi yake ina milango miwili. Wa pili unatokea kwenye ngazi za nyuma, wanapopita wabeba takataka. Akatoka kwa huo.

Nilipeleka fomu kwa Mkuu, akagonga muhuri. Tukarudi nyumbani kwa miguu, barabara imekauka, na tulipofika getini wifi akaniuliza:

"Alisema nini?"

"Amesaini."

"Sikuuliza hivyo, wifi."

Ningeweza kumdanganya. "Alisema ni uthibitisho mzuri kuliko wowote uliowahi kutoka katika idara."

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Kwenye benchi."

Hakulia siku ya ripoti, hakulia mbele ya ubao. Alilia pale getini, ameshika chuma kwa mikono miwili, na mimi nikamshika mabega. Mama alitoka akauliza kama ameshindwa. Nikamwambia ameshinda. Mama akasema, "Basi ashinde ndani, majirani wanatazama."

Kaka amepiga simu, amepiga vigelegele mwenyewe huko aliko. Wifi amelala na gauni la kijani. Jumatatu nitaingia ofisini, na Mzee atapita mbele ya meza yangu, na sijui nitamfanyaje. Nimejaribu kumsamehe tangu jioni ili nipate usingizi. Sikufanikiwa, na nimechoka kujaribu. Nazima taa, saa nne na robo.